Sifuri ya Olimpiki na Mataji Kumi ya Malkia Strikers

Sydney 2000 mechi tano, Athens 2004 tano, Tokyo tano, Paris 2024 tatu. Jumla ni mechi 18, na timu ya taifa ya Kenya ya mpira wa wavu wanawake, Malkia Strikers, haijashinda hata moja. Wapo wanaowabeza kwa rekodi hiyo. Mimi nawaheshimu sana.

Kufika huko ni kazi. Mwaka 2008 na 2012 Afrika iliwakilishwa na Algeria, 2016 Kameruni. Kenya walisubiri miaka 17 kati ya Athens na Tokyo (michezo iliyofanyika 2021), na walipopangiwa wenyeji Japan kwenye mechi ya kwanza, walipoteza seti mbili vibaya, kisha ya tatu wakakomaa hadi 25-23. Pointi mbili tu!

Barani ni habari nyingine kabisa. Taji la kwanza la Afrika walilitwaa 1991, la kumi Yaoundé mwaka 2023 walipoifunga Misri fainali. Kwenye Mashindano ya Dunia waliichapa Kazakhstan 2018, na 2025 kule Thailand wakaichapa Vietnam seti 3-0.

Namkumbuka Janet Wanja, aliyefariki Desemba 2024. Alikuwa seta: mpira wa pili ni wake, na kwa kufumba na kufumbua aamue nani apige, huku akiwaficha wazuiaji wa upande wa pili. Alicheza Athens, miaka 20 baadaye alikuwa Paris akiwaandaa wadogo zake kimazoezi.

Wachezaji hawa hawakuokotwa. Walitoka shule kama Mukumu na Kwanthanze, wakachukuliwa na klabu za waajiri: Kenya Pipeline, KCB na Kenya Prisons, ambazo zote zimewahi kuwa mabingwa wa klabu Afrika. Hapa Mbeya, Tanzania, ukitaja Prisons, mtu anawaza soka na Uwanja wa Sokoine. Kwa wenzetu, Magereza ni nyumba ya wavu wa wanawake: binti anapata ajira, mshahara na kocha.

Sisi UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tunayo, na mabinti warefu wenye mikono mizito wapo Rungwe, Mbozi, Mufindi hadi Kilolo. Wanamaliza kidato cha nne, wavu unaishia hapo. Walimu wa michezo, andikeni majina yao. Nanyi wakuu wa taasisi zenye ajira Nyanda za Juu Kusini, yaombeni majina hayo.