Neno "lynch" katika mchezo wa Mafia

Mafia aliutunga Dimitry Davidoff kule Moscow mwaka 1986. Ulipoingia kwenye intaneti kwa Kiingereza, kumtoa mtu kwa kura kukaitwa "lynch". Siku hizi wachezaji wengi wanasema "ondoa", na wengine wananung'unika: mchezo tu huu, jamani! Hivi, mchezo kwa nani? Chuo cha Tuskegee kilihesabu watu 4,743 waliouawa hivyo Marekani, 1882 hadi 1968. 3,446 walikuwa weusi. Tukilifasiri "nyonga" tunalipunguza, maana wa kunyongwa kwetu kapita kwa hakimu kwanza. Hawa walishikwa na kundi tu, na wapo waliochomwa moto. Mimi niko na "ondoa". Sheria ya Marekani nzima dhidi ya uuaji huo, yenye jina la Emmett Till, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi 1955, ilipita 2022.