Utambulisho wa kijamii
Utambulisho wa kijamii ni sehemu ya nafsi inayotokana na mtu kujihesabu katika kundi fulani, kama vile kabila, dini au taifa. Nadharia yake iliasisiwa na Henri Tajfel na John Turner nchini Uingereza katika miaka ya 1970. Mfano mmoja wa utambulisho huo ni Wazigua, wenyeji wa Sindeni na maeneo mengine ya Handeni na Korogwe nchini Tanzania. Baadhi yao walipelekwa utumwani kusini mwa Somalia ya leo katika karne ya 19. Wazao wao katika bonde la mto Juba walihifadhi lugha ya Kizigua kwa vizazi, na hivyo kuendelea kujihesabu kuwa Wazigua. Baada ya vita kuzuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia.