Jamaa akifia Mombasa na kuzikwa Kehancha: hatua za kufuata

Baba yangu mdogo alifia Mombasa, tukamsafirisha hadi Kehancha, kaunti ya Migori, tukamzika bomani kwake. Miezi michache baadaye, mama mdogo alienda benki kuulizia akiba ya mumewe. Akaambiwa alete cheti cha kifo. Hatukuwa nacho. Sote tulidhani kibali cha mazishi kimetosha. Naandika haya ili familia nyingine isizunguke tulivyozunguka sisi.

Kwanza, taarifa ya kifo. Aliyefia hospitalini hujaziwa fomu D1 na daktari. Aliyefia nyumbani hupelekewa habari kwa naibu wa chifu, naye hujaza D2. Kifo cha ajali au cha kutatanisha, polisi waarifiwe kabla mwili haujaguswa.

Pili, kibali cha mazishi. Kibali hiki husafiri pamoja na mwili. Toa nakala, kisha uhifadhi chenyewe, kwa kuwa utaulizwa ukiomba cheti.

Tatu, cheti cha kifo. Hapa ndipo tulipokosea. Kifo husajiliwa mahali kilipotokea, si mahali pa kaburi. Aliyefia Mombasa husajiliwa Mombasa, hata akizikwa Kehancha. Ombi la cheti hupitia eCitizen, na Huduma Centre watakusaidia. Usiache miezi sita ipite bila kifo kusajiliwa. Baada ya hapo huhesabiwa kuwa usajili wa kuchelewa, na masharti huongezeka. Hakikisha jina linalingana na la kitambulisho na la hatimiliki ya shamba. Kwetu kina Chacha na Mwita ni wengi, na herufi moja inaweza kukurudisha nyuma.

Nne, barua ya chifu wa nyumbani kwa marehemu. Hutaja wote walioachwa: wake wote na watoto wote, mabinti walioolewa wakiwemo. Ikiwa marehemu alikuwa na wake kadhaa na hakuacha wosia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi hugawa mali kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane akiongezwa katika hesabu. Nyumba ya mwanamke aliyeoa mwanamke kwa desturi nayo isifichwe. Mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo ya Wanandi katika kesi ya mirathi.

Tano, mahakama. Kehancha ina mahakama ya hakimu inayoweza kusikiliza mirathi isiyozidi kiwango chake cha thamani. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Wasimamizi wakishateuliwa, kwa kawaida husubiri miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha mgao. Ni baada ya hapo tu shamba huhamishwa katika ofisi ya ardhi. Kwa Waislamu, mali hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi husikiliza kesi hizo.

Sita, msiguse mali kabla ya hapo. Kuuza ng'ombe, kukodisha shamba au kutoa pesa za marehemu kwa namba yake ya siri ni kuingilia mali ya marehemu. Kifungu cha 45 kinaweka faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mjane ndiye huumia zaidi, maana kilichouzwa wakati wa matanga ni vigumu kukirudisha.

Kamati zetu za mazishi huwa na mwenyekiti, mweka hazina na wa kutafuta gari. Usiku huohuo wa kikao cha kwanza, mteueni na mtu wa karatasi, na asiondoke mji alikofia marehemu kabla ya kujua kifo kimesajiliwa.