Anna 19: jinsi nukta ya desimali ilivyofika Lamu

Mwaka 1888 Wajerumani walifungua posta mjini Lamu. Walikuwa wameshika Witu, ng'ambo ya bara, na barua zao zilipitia kisiwani. Posta hiyo ilifungwa mwaka 1891, na nyumba yake sasa ni makumbusho. Kinachonivutia mimi ni stempu zilizouzwa pale. Bei zake ziliandikwa kwa pfennig, na pfennig 100 zilikuwa mark moja. Nje ya mlango ule, sokoni, watu walihesabu kwa njia nyingine kabisa.

Sokoni ilitawala rupia ya Bara Hindi. Rupia moja ilikuwa anna 16, na kila anna ilikuwa pesa 4, kwa hiyo rupia ilikuwa pesa 64. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kwenda Ghuba zilihesabiwa kwa korija, miti ishirini ishirini. Na waliosoma elimu ya mirathi kwa masheikh walizoea nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi.

Hesabu hiyo ilikuwa na akili yake, na si haki kuiita ya kizamani. Mtu asiye na kalamu wala karatasi anaweza kugawa fungu la mtama katikati, kisha akaligawa tena, na wote waliopo wakaona kwa macho kwamba pande mbili ni sawa. Mafungu kumi yaliyo sawa hayapatikani kwa macho.

Taabu ilianza pale bei ilipozidishwa. Tuseme kitu kinauzwa anna 19, yaani rupia 1 na anna 3. Vitu kumi ni anna 190. Ugawe kwa 16, upate rupia 11, zibaki anna 14. Vitu mia je? Hapo ni kuanza upya: anna 1,900, ambazo ni rupia 118 na anna 12. Jibu la kwanza halikusaidii kupata la pili, wala la pili kupata la tatu.

Dawa ilikuwa imeandikwa zamani, tena kwa Kiarabu. Mjini Dimashq, mwaka 341 wa Hijria, yaani 952 au 953 Miladia, Abu al-Hasan al-Uqlidisi alitunga kitabu cha hesabu za Kihindi. Alitaka watu waache ubao wa vumbi, ambao humlazimu mtu kufuta kila hatua, wafanye hesabu kwa wino na karatasi. Humo alichukua namba 19 akaigawa nusu mara tano: 9.5, kisha 4.75, kisha 2.375, kisha 1.1875, kisha 0.59375. Ili ijulikane namba nzima inaishia wapi, aliweka alama ndogo juu ya tarakimu ya mamoja. Hicho ndicho kitabu cha kale zaidi kinachojulikana kutumia desimali namna hiyo.

Tazama hatua ya nne. Kugawa kwa 16 ni kugawa nusu mara nne, kwa hiyo 1.1875 ndiyo hasa anna 19 zikiandikwa kwa rupia. Zidisha kwa kumi, upate 11.875. Zidisha kwa mia, upate 118.75. Ni zile rupia 11 na anna 14, ni zile rupia 118 na anna 12, lakini safari hii tarakimu hazikubadilika hata moja. Zimebadili vyeo tu. Rupia haikuwepo zama za al-Uqlidisi, na hilo ndilo linalonifurahisha: desimali ilipatikana kwa kugawa nusu kwa nusu, kazi ileile ya mwenye pishi na kibaba.

Al-Kashi wa Samarkand aliiendeleza mwaka 1427, na Simon Stevin akaieneza Ulaya kuanzia 1585. Kwetu ilikuja kwa amri ya serikali, kupitia sarafu. Wajerumani wa Tanganyika waligawa rupia yao kwa heller 100 mwaka 1904. Amri ya 1905 ikaifanya rupia ya himaya ya Waingereza, Lamu ikiwemo, kuwa senti 100. Unguja ilifuata mwaka 1908. Senti za kwanza za himaya zilikuwa za alumini, nazo zilikuwa na tundu katikati.

Mageuzi hayakutulia. Mwaka 1920 rupia ilipokewa na florini ya senti 100, na kufikia 1922 florini moja ikawa shilingi mbili, kila shilingi senti 100. Kwa hiyo senti mpya ilikuwa nusu ya senti ya jana. Senti 35 za florini zilikuwa 0.35, kwa shilingi zikawa 0.70. Mwenye deni na mwenye mshahara mdogo walilazimika kujua ni senti ipi inayotajwa.

Shilingi hiyo ilibaki, na kwa maoni yangu ilikuwa mwalimu bora kuliko ubao wa darasani. Watoto huambiwa "sogeza nukta", au vibaya zaidi, "ongeza sifuri", wakaandika kwamba 4.35 mara kumi ni 4.350. Aliyeshika sarafu za shilingi hiyo hakuweza kukosea hivyo. Senti kumi zilikuwa peni, peni kumi zilikuwa shilingi, shilingi kumi zilikuwa noti. Shilingi 4, peni 3 na senti 5 zikizidishwa kwa kumi, kila moja hupanda cheo: noti nne za kumi, shilingi 3, peni 5. Ni 43.50. Nukta imekaa palepale, kati ya shilingi na senti.

Wauza boriti nao hawakuhitaji kuacha korija yao. Mti ukiwa shilingi 4.35, bei hiyo mara mbili ni 8.70, na mara kumi ya hiyo ni shilingi 87 kwa korija nzima.