Vita vya mezani: kuanzia Pate, mwaka 1729

Leo naweka kando seva na hifadhidata. Nataka kuzungumzia mchezo ulionimalizia wikendi zangu kwa miezi kadhaa sasa: kupigana vita vya zamani juu ya meza, kwa askari wadogo wa karatasi, dadu na futi ya fundi nguo. Usicheke kwanza. Mchezo huu ni programu kama programu nyingine, na umenifundisha jambo moja la historia ya Pate ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kulielewa.

Tuanze na mchezo wenyewe. Bao unalijua: mashimo 32, kete 64, hakuna bahati nasibu, kila kitu kiko wazi mbele ya wachezaji wawili. Huu ni tofauti. Meza haina mashimo, kwa hiyo mwendo unapimwa kwa futi. Uhakika nao hakuna, maana dadu ndizo zinazoamua risasi imempata nani. Maafisa wa jeshi la Prussia waliutumia kufundishana vita mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, yule mwandishi wa hadithi za kisayansi, akatoa kitabu cha kanuni, Little Wars, ili watu wa kawaida nao wacheze nyumbani.

Anayetaka kucheza vita vya mwanzo wa karne ya 18 kwa kawaida hupelekwa moja kwa moja Ulaya: Vita vya Urithi wa Hispania (1701–1714), au vita vya Sweden na Urusi (1700–1721). Sababu ipo. Ndio wakati bunduki za gumegume na singe zilipoiondoa mikuki mirefu, majeshi yakasimama kwa safu ndefu, na kanuni za kuchezea vita hivyo zimeshaandikwa tele. Lakini mimi mama yangu ametoka Siyu, kisiwani Pate. Nikajiuliza: miaka hiyo hiyo, kwetu kulikuwa na nini?

Kulikuwa na vita. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Waomani wakaizingira Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Baadaye Waomani wenyewe wakaingia katika vita vya wao kwa wao baada ya Imamu Sultan bin Saif wa Pili kufariki mwaka 1718. Pate, iliyokuwa na ugomvi na wakubwa wa Mombasa, ikawaita Wareno kutoka Goa. Machi 1728 ngome ikarudi mikononi mwa Wareno. Raha yao haikudumu. Aprili 1729 watu wa Mombasa wakainuka, na tarehe 26 Novemba mwaka huo waliobaki ndani ya ngome wakasalimu amri. Pate nako walikuwa wameshaondolewa.

Mwaka ule ule wa 1728 Bwana Mwengo wa Athumani alikuwa Pate akimtungia sultani wake Utendi wa Tambuka, unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Mji ulikuwa na vita kichwani na vita mlangoni.

Basi hii ndiyo niliyoichagua: Mombasa na Pate, 1729. Ukitaka kuanza nami, vifaa ni hivi:

1. Askari. Usinunue kitu bado. Chora au tafuta picha, zichape kwenye karatasi ngumu kwa urefu wa milimita 15, kunja, gundisha. Wanne juu ya kipande cha kadibodi cha sentimita 4 kwa 4 ndio kikosi kimoja. Vikosi kumi kila upande vinatosha.

2. Uwanja. Shuka moja ya rangi ya mchanga, kitambaa cha buluu kwa bahari, boksi la viatu kwa ngome. Mikoko nimetumia sponji ya kuoshea vyombo, nikaipaka kijani.

3. Mwendo. Sentimita 10 kwa zamu nchi kavu, 5 ndani ya mikoko.

4. Risasi. Dadu moja kwa kila kikosi. 5 au 6 ni pigo, na mapigo matatu yanakiondoa kikosi mezani. Bunduki za fatila, ambazo Waarabu waliendelea kuzitumia muda mrefu baada ya Ulaya kuziacha, hupiga sawa na gumegume, lakini mvua ikinyesha utambi unazima. Kumbuka Aprili ni masika.

Kanuni hizo nilizitoa kwenye vita vya Ulaya, nikazipunguza. Nilicheza na rafiki yangu mara tatu. Mara zote tatu Wareno walishinda. Walikuwa na kuta, mizinga na safu, na kanuni zangu zilijua kuta, mizinga na safu tu.

Mimi nilidhani dadu zina matatizo. Nikazikagua. Dadu zilikuwa salama.

Jioni moja mjomba wangu, nahodha wa zamani aliyeendesha majahazi kati ya Lamu na Mombasa, alikuja akasimama juu ya meza yangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hawa Wareno wako wanakula nini?"

"Mjomba, hakuna kanuni ya chakula."

"Basi ni karatasi kweli. Na huu mwezi gani?"

"Aprili."

Akacheka. "Aprili kusi imeshaingia. Hicho chombo cha Goa kitakuja kuwasaidia na upepo gani?"

Nilirudi kwenye tarehe nikaziangalia upya. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka India na Arabuni. Kusi ikiingia Aprili, upepo unageuka na kuwarudisha huko. Wareno waliingia Mombasa Machi 1728, yaani kwa kaskazi. Watu wa Mombasa waliinuka Aprili 1729, yaani kusi inapoanza. Kuanzia hapo aliyekuwa ndani ya ngome hakuweza kutarajia msaada wa maana kutoka Goa mpaka kaskazi irudi. Walisalimu amri Novemba, wiki chache kabla ya msimu wa vyombo. Tarehe zote hizo nilikuwa nazo kwenye daftari. Sikuwa nimezisoma pamoja na upepo.

Nikaandika kanuni upya. Sasa zamu moja ni mwezi mmoja. Ngome inaanza na magunia ya chakula, na kila mwezi kila kikosi kinakula gunia moja. Magunia yakiisha, vikosi vinaondoka mezani kimoja kimoja bila risasi hata moja. Chombo kutoka Goa hakiruhusiwi kuingia kati ya Aprili na Novemba. Ukitaka chakula wakati huo, lazima ukipate pwani hii hii, kutoka kwa watu wanaokuchukia au wanaokuvumilia.

Kwa vile mimi ni mtu wa kompyuta, niliandika pia programu fupi ya Python iuchezeshe mchezo huo mara elfu moja usiku kucha. Wareno walishinda mara chache, na karibu kila mara ni pale ghala lilipojaa kabla ya Aprili. Hapa nikuonye. Programu hiyo haithibitishi historia. Mimi ndiye niliyeweka njaa ndani yake, kwa hiyo ikanirudishia njaa. Faida yake ni kwamba inakulazimisha useme wazi unafikiri ni nini kilichoamua vita. Zile kanuni za Ulaya nazo zilikuwa zinasema kitu, nami nilikuwa nimezipokea bila kuziuliza.

Swali la pili la mjomba lilikuwa gumu zaidi. Nilikuwa nimepaka askari rangi mbili: nyekundu Wareno, kijani "sisi". Akauliza, "Faza umewapaka rangi gani?"

Faza iko kisiwa kile kile cha Pate. Katika mazingiwa ya 1696–1698, maradhi yalipowamaliza wakubwa wa Kireno, mwaka 1697 uongozi wa ngome ulimwangukia Bwana Daudi wa Faza. Alikuwa na jamaa zake, wanaume wachache na wanawake wapatao hamsini, wakaishikilia ngome mpaka msaada ulipofika. Mtu wa kisiwa cha mama yangu, ndani ya ngome ya Wareno, akiwapinga Waomani.

Pate nayo je? Mwaka 1678 Wareno waliushambulia mji huo, na kabla ya kuondoka Januari 1679 walikuwa wamewakata vichwa watawala wa Pate, Siyu, Lamu na Manda. Miaka 50 haijapita vizuri, Pate hiyo hiyo ikawaita. Mwaka mmoja tena, ikawachoka.

Nilipokuwa shule niliyasoma haya kama usaliti. Nikiwa mezani, nimekaa kwenye kiti cha Pate, nimeona tofauti. Una mji mmoja, bandari inayofikika maji yakijaa tu, jirani mwenye ngome upande wa kusini, na wageni wawili wenye mizinga. Huna nguvu ya kuwafukuza wote wawili. Unachoweza ni kuchagua nani awe mbali zaidi mwaka huu. Kwa hiyo niliondoa rangi ya kijani. Sasa Pate, Faza, Siyu, Lamu na Mombasa kila mmoja ana rangi yake, na kila mwezi mchezaji wa mji anaandika kwenye karatasi, kwa siri, yuko upande gani.

Hitilafu haikuwa kwenye dadu. Ilikuwa kwenye neno "sisi".

Ukianza, usianze na vita vyote. Chukua mji mmoja na miezi minane, Aprili hadi Novemba. Andika magunia kwanza, kisha upepo, kisha nani anamwamini nani. Askari utawakata mwisho, jioni moja inatosha.

Sikukuu iliyopita mjomba alikubali kucheza, akachukua Pate. Miezi mitatu hakusogeza kikosi hata kimoja. Wa nne akafunua karatasi yake, amebadili upande, na Wareno wangu wakabaki na magunia mawili. Hakuwa amerusha dadu hata mara moja. Akaniuliza chai iko wapi.

Haya, mpaka wakati mwingine. Ukijaribu, niambie nani alishinda, na mwezi gani.