Msonge wa Wahaya na Mipaka ya Istilahi zetu za Ujenzi



Mhadhara huu unahusu nyumba moja na swali moja la lugha. Nyumba ni msonge wa Wahaya, au omushonge kwa Kihaya, uliokuwa makazi yaliyozoeleka Bukoba na Muleba kabla ya kuenea kwa matofali na mabati. Swali ni hili: je, istilahi za ujenzi tunazofundisha kwa Kiswahili zinatosha kuueleza?

Kazi ya kwanza ya jengo lolote ni kuufikisha uzito wake ardhini. Katika majumba ya mawe ya Lamu na Zanzibar, dari hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa juu ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vikawa vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 3 au pungufu. Hapo ukuta ni ukuta na paa ni paa.

Msonge hauna mgawanyo huo. Kiunzi cha miti na matete, kilichofungwa kwa pete zinazopanuka kutoka kileleni, huteremka hadi karibu na ardhi kikisaidiwa na nguzo za ndani. Nyasi huezekwa juu yake. Ndani, viambaza vya matete hutenga meko, malalo na mahali pa ng’ombe, lakini havibebi paa. Basi, mwanafunzi akiulizwa ukuta uko wapi, atajibu nini? Hata methali yetu, “Usipoziba ufa utajenga ukuta”, imezaliwa katika nyumba ya namna nyingine.

Mabadiliko yana historia yake. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1892 misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Nyumba za pembe nne zikaenea, na fedha za kahawa zikawawezesha wengi kununua mabati. Haukuwa uigaji mtupu: nyasi huoza, hudai kuezekwa upya, na hushika moto upesi. Leo msonge huonekana zaidi katika maeneo ya urithi kama Katuruka, wilayani Bukoba, na katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupata nyufa. Ukuta mzito wa matofali usiofungwa kwa nondo wala mkanda wa zege hupasuka unapotikiswa. Kiunzi chepesi kilichofungwa vema huweza kuyumba bila kuvunjika. Sisemi turudi kwenye msonge. Nasema kwamba maarifa ya kufunga jengo likawa kitu kimoja yalikuwepo, na yalihifadhiwa katika maneno ya mafundi.

Wanaoyajua maneno hayo wanazeeka. Rai yangu kwenu wanafunzi ni kuyakusanya kwanza kwa Kihaya, kila pete na kila nguzo kwa jina lake, ndipo tutafute visawe vya Kiswahili. Tukiandika “ukuta” mahali pasipo ukuta, kamusi itapata neno, lakini msomaji hataijua nyumba.