Jozi ya 9, von Neumann na pesa ya TFC yangu

Wandugu, leo siandiki juu ya Mobutu wala juu ya Gécamines. Naandika juu ya swali moja la poker lililonila pesa, na wanahisabati watatu waliolikuta mbele yetu.

Tulikuwa tunacheza ile poker ya karata mbili mkononi na tano mezani, sebuleni kwa rafiki. Tukabakia wawili. Mezani kulikuwa 10, 9, 5, 3, na karata ya mwisho ikatoka 2. Mimi nilikuwa na 9 na 8, kwa hiyo jozi ya 9. Si mbaya, si nzuri. Pesa iliyokusanyika ilikuwa 20 000 FC. Mwenzangu akapita bila kuweka kitu. Nikajisemea: kama amepita, hana kitu. Nikasukuma 20 000 ingine, pesa niliyotenga kwa kuchapisha TFC. Akafuata palepale. Alikuwa na 10.

Njiani nilijiuliza: ni bahati mbaya, ao nilikosea?

Wa kwanza kati ya wale watatu ni Émile Borel, Mfaransa ambaye mwaka wa 1925 alikuwa pia waziri wa jeshi la maji. Kuanzia 1921 aliandika juu ya michezo ambamo bahati inachanganyika na akili, na mwaka wa 1938 akachapisha hesabu ya poker. Lakini katika mchezo wake mchezaji wa kwanza ana njia mbili tu: aweke dau, ao alale na kupoteza. Kupita hakuna. Basi shida yangu haikuweza hata kutokea mle.

Aliyefungua mlango ule ni John von Neumann, mtoto wa Budapest. Mwaka wa 1928 alitoa andiko lake la kwanza juu ya michezo, na mwaka wa 1944, pamoja na Oskar Morgenstern, kitabu kizima, ndani yake sehemu nzima juu ya poker. Katika mfano wake mtu anaweza kupita: karata zinafunguliwa, mwenye kubwa anachukua. Tena mkono si jozi wala rangi, ni namba tu, kutoka mdogo kabisa mpaka mkubwa kabisa. Tuseme 0 mpaka 100.

Nilikaa na kalamu nikahesabu mfano huo kwa dau linalolingana na pesa ya mezani, sawa na langu la 20 000. Jibu lilinishangaza. Unaweka dau ukiwa na 78 na kuendelea. Unaweka pia ukiwa na 11 na kushuka, kwa kudanganya tu. Yote ya katikati, yaani theluthi mbili ya mikono, unapita! Mwenzako naye anafuata akiwa na 56 na kupanda. Angalieni vizuri: 78 iko katikati kabisa ya 56 na 100. Njo hapo siri yenyewe. Nilikuwa najiuliza kama mkono wangu unapita mikono yake mingi. Lilikuwa swali la bure. Nilipaswa kujiuliza kama unapita zaidi ya nusu ya mikono ile atakayofuata nayo. Mkono wa 65 unapita mikono mingi ya dunia, lakini walio chini yake wengi watalala, na watakaofuata wengi wako juu yake.

(Kwa sisi wa Katanga, jina la von Neumann lina uzito mwingine. Miaka ile ile ya kitabu chake alikuwa anasaidia kule Los Alamos kutengeneza bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Jioni walicheza poker. Inasimuliwa kwamba mwenzake Nicholas Metropolis alimla dola 10, akanunua kitabu chake kwa dola 5, akabandika zile 5 zilizobaki ndani ya jalada. Kumbe hata mwalimu analiwa.)

Watatu ni Harold Kuhn, Mmarekani, ambaye mwaka wa 1950 alipunguza poker mpaka ikabaki karata tatu: 1, 2 na 3. Kila mmoja anapewa moja. Uko na 2, wewe wa kwanza kusema. Ukiweka dau, mwenye 3 anafuata kwa furaha, mwenye 1 analala. Hakuna hata mtu mmoja wa kukulipa kwa makosa. Kuhn alionyesha kwamba mchezaji wa kwanza mwenye 2 apite, siku zote. Jozi yangu ya 9 ilikuwa ile 2.

Lakini wasomaji wa haraka wasiseme "karata ya katikati tupite tu". Nilirudia hesabu na dau la nusu ya pesa ya mezani. Mwenzako sasa anafuata kuanzia 40, na wewe unaweza kuweka kuanzia 70, si 78. Dau dogo linawaita watu wadogo. Na kama uko na mtu ambaye hajui kulala, anayefuata na kila kitu, basi hata 51 inatosha, juu nusu ya wanaokulipa wako chini yako. Hesabu haikatazi mkono wa katikati. Inauliza nani atalipa, na bei gani.

Wiki iliyofuata nilimuuliza yule rafiki: "Ndugu, ile siku, kama ungekuwa na jozi ya 5, ungefuata 20 000 yangu?"

Akacheka. "Kwa 20 000? Hapana, ningelala. Kwa 5 000, ndiyo, ningetaka kuona tu."